Mpishi wa Kengele

"Kiranja, kengele imelia. Narudia: kengele imelia."

Naftali Wambura aliisikia ishara ya hatari sikioni mwake, akaiacha. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Toyota 4Runner aliyoiendesha ilikuwa ikikimbia maili sabini kwa saa katika Barabara Kuu ya Kumi, barabara ambayo asubuhi ile ya Aprili 2019 haikustahili hata thelathini. Theluji haikuwa ikidondoka. Ilikuwa ikirushwa mlalo kutoka kaskazini, kama unga unaopepetwa na mtu mwenye hasira.

Mita mia mbili mbele yake, Dodge Charger nyeusi ilikuwa ikielekea Coon Rapids. Ndani yake walikuwamo wanaume wawili wenye bastola na anwani ya mwanamke mmoja.

Walikuwa wanakwenda kuchoma shati.

"Boss, unanipata ama umelala?"

"Nakupata. Sema kwa kifupi."

"Hao majamaa wame-signal. Wana-exit hapo Foley. Na usi-brake, Boss. Hapo ni barafu tupu. Uki-brake, nitakuja kukuokota kwa mtaro."

Mwenye sauti, Wambui, Mkenya, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho na mtu wa mawasiliano wa Idara ya ujasusi ya Tanzania katika miji hii miwili ya Minnesota. Aliketi ndani ya Ford Transit iliyoegeshwa nje ya maduka makubwa ya Roseville, kompyuta tatu mbele yake, chupa ya chai kando. Machoni pa Wambura alikuwa na kasoro moja tu: hakupata kumaliza sentensi moja kwa lugha moja. Mengine yote aliyafanya kwa ukamilifu.

Wambura hakugusa breki. Alikanyaga mafuta mpaka mita mia mbili zikaisha.

Aligusa Dodge.

Pembe ya mbele ya Toyota iliisukuma pembe ya nyuma ya Charger kwa upole, kama mtu anayefunga droo. Barafu ikamalizia. Charger ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, ikatazama ilikotoka, kisha ikateremka mtaroni kinyumenyume na kuzika mkia wake katika theluji.

Risasi moja ikatoboa kioo cha nyuma cha Toyota.

Wambura hakugeuka. Aliitazama Casio yake ya mkononi. Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi.

Saa sita kamili adhuhuri, katika hoteli moja ya Bloomington, mtu angeinua mkono wa kulia na kuapa uongo.

Zilibaki dakika mia moja na thelathini.

*

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja.

Mwalimu Janvier Birindwa alikuwa Mkongo wa Uvira aliyepata uraia wa Ubelgiji. Alifundisha katika mradi ulioitwa Darasa la Uraia, uliokuwa ukiendeshwa katika nchi saba za Ulaya. Kila Jumamosi, katika maktaba moja ya mji wa Liège, aliwakusanya vijana, wahamiaji waliokwisha kuwa raia, na wafua vyuma waliopoteza kazi, akawafundisha kumuuliza kila mwanasiasa mpayukaji maswali matatu. Umejuaje? Nani atafaidi nikikuamini? Na ambalo hukulisema ni lipi?

Hakuwafundisha kuupenda Umoja wa Ulaya. "Ukitaka kuuchukia, uuchukie," alizoea kusema, "lakini uuchukie kwa takwimu sahihi." Mfua vyuma mmoja mzee, aliyeichukia Brussels kuliko maumivu ya jino, alihudhuria miaka miwili bila kukosa. Aliendelea kuichukia Brussels. Ila aliacha kuwachukia majirani zake.

Mradi wa namna hiyo huwaudhi watu wanaoishi kwa kuuza hasira.

Aldrik Vosse aliishi kwa kuuza hasira. Alikuwa raia wa nchi mbili, na hakuwa mzalendo wa hata moja. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wanasiasa wachochezi video, takwimu za kubuni, na maadui. Mwezi Februari aliupata mkanda wa sekunde arobaini. Ndani yake Janvier amesimama mbele ya raia wenzake wenye asili ya Kongo, akiwahimiza kushiriki uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwezi Mei. Anatabasamu. Anasema:

"Siku ya kura, sisi bote tutapika kura. Muzee, mama, kijana. Bote tutapika."

Tutapika kura.

Kwa Mtanzania na kwa Mkenya, kupika kura ni kuiba uchaguzi. Makao makuu ya Idara, Dar es Salaam, maofisa wanne walipouona mkanda ule walishtuka. Wa tano, Wambura, alicheka.

Kisha akanyamaza, maana aliyekuwa akizungumza alikuwa marehemu wa wiki mbili.

Watu wengi wa mashariki ya Kongo hutamka "kupika" pale sisi tunapotamka "kupiga". Mtoto mtundu hupikwa na baba yake. Mpira hupikwa. Kengele hupikwa. Na raia mwema, siku ya uchaguzi, huenda akapika kura yake, akarudi nyumbani kula.

Wambura alilijua hilo kwa kuwa alisoma na Janvier miaka minne, katika shule ya bweni nje ya mji wa Kigoma. Janvier, mkimbizi aliyevuka ziwa mwaka 1996, ndiye aliyekabidhiwa kengele ya Bweni la Mirambo. Kila alfajiri aliwatangazia wenzake: "Amukeni! Mimi minapika kengele!" Wakamwita Mpishi wa Kengele. Wambura, aliyekuwa kiranja wa lugha, hakuona cha kuchekesha. Alimwandikisha neno "kupiga" mara mia mbili, kisha akaihesabu mistari mwenyewe.

Siku zile jambo hilo aliliita nidhamu.

Aliyebuni jina la utani alikuwa kijana wa kitanda cha juu, Solomon Gasto. Na Solomon Gasto, ambaye sasa alikuwa mfasiri wa mahakama huko Minnesota, mwenye leseni na mhuri, ndiye aliyeandika tafsiri ya mkanda: "Tutaiba kura." Saa sita angeapa mbele ya kamera kwamba maneno yale hayana maana nyingine. Vosse aliichagua Bloomington ili mahakama za Ulaya zisimfikie, na aliichagua saa sita kwa kuwa wakati huo Brussels ni saa moja jioni, watu wamekaa mbele ya taarifa ya habari. Mradi ungefungwa katika nchi saba. Jina la marehemu lingezikwa mara ya pili, safari hii katika matope.

Wataalamu wangekanusha, bila shaka. Wangekanusha baada ya siku tatu, katika kurasa kumi na mbili zenye tanbihi. Na Gasto angesema: samahani, mimi ni Mtanzania, lahaja ya Kongo nitaijulia wapi?

Lilikuwapo shati moja ulimwenguni ambalo lingemnyima sentensi hiyo.

*

Mama Pacifique, dada wa Janvier, alifungua mlango kabla haujabishwa. Alikuwa mwanamke mpana, amevaa kitenge na juu yake sweta zito, na mkononi ameshika mwiko wa bugali.

"Weye ni Naftali," alisema. "Ule kiranja."

"Shikamoo, dada. Pole sana kwa msiba."

"Shikamoo ya nini? Unaniona muzee?" Alimvuta ndani kwa mkono wa koti. "Janvier, mon frère, alinielezea. Ulimuandikisha neno moya mpaka mukono ikavimba."

Wambura alisimama wima, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. "Ni kweli, dada."

"Mara mia mbili."

"Mia mbili."

"Yeye alikuwa anacheka akisema ile. Mimi sikucheka."

Wambura aligeuka kuutazama mlango.

"Dada, kuna watu wawili wanakuja kulichukua shati."

"Minajua. Ule musichana wa Kenya alinitelefonia. Pacifique nimemupeleka kwa jirani." Aliburuta sanduku kutoka chini ya kitanda. "Nilibeba hii kutoka Kigoma mpaka kambi ya Nyarugusu, Nyarugusu mpaka huku kwa baridi. Miaka kumi na tisa. Sikuifua hata siku moya."

Lilikuwa shati jeupe la shule, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa. Siku ya kuhitimu, mwaka 2000, wavulana waliandikiana kwaheri mashatini kwa kalamu za wino, kama wahitimu wote wanavyofanya. Mikono, kola, mfuko: majina kila mahali. Mgongoni, chini ya kola, kwa wino wa buluu na mwandiko ulioinama kulia, mtu mmoja alikuwa ameandika mistari mitatu.

*Kwa Mpishi wa Kengele. Wewe husema kupika, sisi kupiga, kengele ni ileile. Ulipoipika siku ya moto, nilipona. — S. Gasto.*

Siku ya moto. Jumapili moja ya mwaka 1999, baada ya chakula cha mchana, bweni limelala. Janvier alikuwa amekwisha kutoka nje. Alirudi ndani ya moshi, kwa sababu kengele ilining'inia ukumbini, akaipiga mpaka kamba yake ikakatika. Walitoka wavulana sitini na wawili. Gasto alikuwa mmoja wao.

Wambura pia.

Alilikunja shati mara nne, kwa mikunjo ya shule, akalitia katika mkoba wake wa mgongoni.

Kitasa cha mlango kililipuka.

Wa kwanza kuingia alikuwa na ndevu nyekundu zilizojaa theluji ya mtaroni, na Beretta mbele yake. Wambura alikuwa na Glock 19 kiunoni. Hakuichomoa. Kuta za jengo lile zilikuwa za mbao na jasi, na nyuma ya kuta hizo walikuwapo watoto wa watu. Alikamata kifundo cha mkono wa yule mtu, akakipeleka juu, akaugonga mkono kwenye ukingo wa mlango. Kiwiko kikatoa sauti ya kuni kavu. Beretta ikaanguka zuliani.

Wa pili alikuwa bado kizingitini. Aliinua bastola, akalenga mgongo wa Wambura, akafumba jicho moja.

Hakuuona mwiko.

Mama Pacifique alimpiga nao pigo la kwanza mkononi, la pili sikioni, na la tatu, kwa kuwa alikuwa bado amesimama, kwenye paji la uso. Akaanguka kama gunia.

"Nimemupika!" alitangaza.

Wambura alifungua kinywa ili asahihishe.

Akakifunga.

Aliwafunga wote wawili kwa kamba za plastiki, mikono na miguu, na Wambui akawaita polisi wa kaunti. Mlangoni Mama Pacifique alimshika bega.

"Ule aliyetuma batu ba kumuua Janvier. Iko Bloomington?"

"Yuko, dada."

"Basi umupike. Kwa ajili yangu."

"Nimetumwa kumkamata, dada. Si kumpiga."

"Sikukuuliza balikutuma nini."

*

Maili ishirini na nane. Theluji mpaka kwenye vioo.

Simu ya Dar es Salaam ilikuja alipokuwa akivuka Mto Mississippi. Kule ilikuwa jioni, na Mama Philister, mkuu wa kitengo, hakuwa na desturi ya kutoka ofisini kabla ya watu wake.

"Wambura."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka kumuua Vosse."

Vifuta kioo vilikwenda, vikarudi.

"Nimekuuliza swali."

"Hukuuliza, mama. Umesema."

"Basi sikiliza niseme vizuri. Gasto ni raia wetu na atarudi akiwa hai. Vosse, Wabelgiji wameshaandika hati ya kumkamata kwa mauaji, na maofisa wa shirikisho wa huko wameipokea. Inakosa shahidi mmoja tu wa kumfungamanisha na kifo. Mtu akifa hahukumiwi, Wambura. Huombolezwa. Unataka Vosse aombolezwe?"

"Sitaki."

"Hiyo Glock ina risasi ngapi?"

"Kumi na tano."

"Zirudi kumi na tano. Nitazihesabu."

Simu ikakatwa.

Wambura aliendesha. Mbele ya macho yake hakukuwa na barabara. Kulikuwa na ngazi za mawe za Liège, ngazi mia tatu sabini na nne, zinazopanda mlima kwa mstari mmoja. Mwezi Machi walimkuta Janvier chini yake, shingo imegeuka. Ripoti ilisema aliteleza.

Mtu aliyerudi ndani ya moshi hauawi na ngazi.

"Boss," Wambui alisema sikioni, sauti ikiwa imeshuka. "Uko sawa?"

"Ukumbi."

"Okay. Ukumbi uko floor ya sita. Nimeingia kwa system yao yote. Projector ni yangu, ile kamera ya kuonyeshea karatasi ni yangu, feed ya Ulaya ni yangu. Ukiweka kitu hapo chini, hata wazime umeme wa kwao, Brussels wataona. Na wewe ni mwandishi wa gazeti la Kiswahili, badge iko kwa reception. Walikuwa wanatafuta mmoja, nika-apply kwa niaba yako."

"Walitafuta mwandishi wa Kiswahili?"

"Vosse mwenyewe. Anataka Mwafrika aulize, Mwafrika ajibu, ndio ikae poa."

Wambura karibu atabasamu. Kiburi ni mlango ambao mwenyewe huuacha wazi.

Aliifungia Glock ndani ya gari.

*

Saa sita kasoro dakika tatu.

Ukumbi ulikuwa na zulia la buluu, viti themanini na kamera tano. Dirishani ndege zilikuwa zimekwama uwanjani, nyeupe kama makaburi. Vosse alisimama pembeni mwa jukwaa, mwembamba, suti ya kijivu, bilauri ya maji mkononi. Gasto aliketi mezani chini ya taa. Alikuwa amenenepa. Mwandiko wake ulikuwa mbele yake, bado umeinama kulia.

Aliapa. Kila neno alilitamka vizuri. Shule ile iliwafundisha wote kutamka vizuri.

"Kwa ajili ya uwazi," Vosse alisema, "tumemwalika mwandishi anayezungumza lugha hii. Karibu uulize."

Wambura alisimama safu ya tatu. Kofia ilikuwa imemfika kwenye nyusi, na ndevu hakuwa nazo walipokuwa shule.

"Bwana mfasiri, kupika kura maana yake nini?"

"Kuvuruga hesabu ya kura kwa hila," Gasto alijibu, na mkalimani akatafsiri kwa Kiingereza. "Kura iliyopikwa ni kura iliyoibwa."

"Hujapata kumsikia Mkongo akilitumia neno kupika kwa maana nyingine?"

"Sijapata."

"Hata siku moja?"

"Bwana, nimekwisha kuapa. Hata siku moja."

"Ahsante. Nilitaka uliseme hilo mwenyewe."

Alitembea mpaka mezani. Mlinzi mmoja alipiga hatua, Vosse akamzuia kwa kidole: kamera zilikuwa zikitazama. Wambura alifungua mkoba, akalitandaza shati chini ya lenzi, mgongo juu, akalinyoosha kola kwa viganja viwili.

Katika skrini ya mita nne, wino wa buluu ulitokea, kila herufi kubwa kama mkono wa mtu.

Akavua kofia.

"Soma, Solomon."

Uso wa Gasto ulibadilika taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Kiranja?"

"Soma kwa sauti. Mwandiko unaujua."

"Zimeni hiyo!" Vosse alipiga kelele. Fundi alibonyeza. Akabonyeza tena. Shati halikuondoka.

"Bonyeza tu, baba," Wambui alinong'ona sikioni mwa Wambura. "Bonyeza mpaka kidole kiishe."

"Naftali," Gasto alisema kwa sauti ya chini, "waliniahidi uprofesa. Vienna. Miaka kumi na tano mimi natafsiria watu talaka na ajali za magari..."

"Sikukuuliza hayo. Wavulana wa Mirambo walikuwa sitini na wawili. Soma."

Gasto alisoma. Alianza kwa sauti ya mahakamani. Alipofika kwenye "kengele ni ileile" sauti ikapungua. Alipofika kwenye "nilipona" hakuimaliza. Mkalimani, asiyejua alikuwa akishiriki nini, alitafsiri yote kwa uaminifu, na nchi saba zikasikia.

"Alisema nini Janvier katika mkanda ule?"

"Alisema tutapiga kura."

"Ulijua?"

"Nililijua tangu neno la kwanza. Jina lile nilimpa mimi." Alifuta uso kwa kiganja. Kisha aligeuka, akamnyooshea Vosse kidole. "Na huyu alinionyesha picha. Janvier chini ya zile ngazi. Siku moja kabla ya gazeti lolote kuandika. Akaniambia: huyu hatakupinga tena."

Bilauri ilianguka zuliani. Haikuvunjika.

"Shahidi amepatikana, Boss," Wambui alisema. "Federal wako lobby. Nawaambia wapande?"

"Waambie wasubiri chini, kwenye maegesho. Mlango wa ngazi za dharura."

"Kwa nini chini?"

Vosse alikuwa amekwisha kuufikia mlango.

Wambura hakukimbia. Kiranja hakimbii.

*

Ngazi za dharura zilikuwa za zege, zenye kingo za chuma kandokando, na katikati kuna tundu la kutosha mtu mzima kupita akianguka. Ghorofa sita.

Vosse alikuwa akimsubiri nyuma ya mlango, bastola ndogo ya Walther mkononi. Wambura alikuwa amekwisha kukisia hivyo, na mlango hakuupita: aliusukuma kwa mguu, kwa nguvu zake zote. Ukamkuta Vosse kwenye kifundo cha mkono. Walther ikadunda mara moja, ikaingia tunduni. Muda mrefu ulipita kabla haijasikika chini.

Vosse aliruka kuifuata kwa miguu. Kwenye ngazi ya tatu kifundo cha mguu kilimgeuka, akaanguka magotini.

Wambura alimwinua kwa kola, akampandisha mpaka mlangoni, akamwegemeza kwenye chuma. Mgongo wa Vosse ulipinda juu ya tundu. Kilichomshikilia duniani kilikuwa kiganja kimoja.

"Utasema niliteleza," Vosse alisema.

"Ripoti ya Liège ilisema hivyo. Aliteleza. Neno fupi, halina kosa la tahajia."

Kiganja kililegea kidogo.

Hakuna aliyekuwa akitazama. Kamera zilikuwa ukumbini, Dar ilikuwa mbali, na Janvier alikuwa chini ya udongo wa watu. Wambura aliisikia damu yake mwenyewe masikioni, ikidunda kwa mpigo mmoja, kama chuma kinachogongwa ndani ya moshi.

Alimrudisha ndani.

"Hesabu."

"Nini?"

"Ngazi. Moja moja, kwa Kiswahili. Mimi nitataja, wewe utarudia. Ukikosea, tunarudi kumi nyuma."

"Mguu wangu umevunjika!"

"Umeteguka. Moja."

"Siwezi..."

"*Moja.*"

"Moja," Vosse alisema.

Kutoka ghorofa ya sita hadi ya chini zilikuwapo ngazi mia moja na ishirini. Wambura alikuwa amezihesabu katika ramani ya Wambui. Walishuka zote. Vosse aliuona mlango wa kutokea, akalia kwa furaha.

"Mia moja ishirini na moja," Wambura alisema, akamgeuza. "Juu."

Wakapanda. Wakashuka tena. Jasho lilimtoka Vosse kama mtu aliyetolewa mtoni, na mara mbili alikosea akarudishwa kumi nyuma. Hizo zilikuwa mia tatu na sitini. Zilibaki ngazi kumi na nne za kuteremka kwenye maegesho ya chini ya ardhi. Kule maofisa wawili wa shirikisho walikuwa wamesimama wakisikiliza sauti iliyopasuka, ikihesabu kwa lugha wasiyoijua.

"Mia tatu sabini na tatu."

"Mia... tatu... sabini na tatu."

"Mia tatu sabini na nne."

Vosse aliisema akiwa amekaa sakafuni. Pingu zikamfunga.

"Alikuwa akisema nini huyu?" ofisa mmoja aliuliza.

"Somo la uraia," Wambura alijibu. "Amechelewa kulianza."

*

Maofisa walilitaka shati kama ushahidi. Aliwapa picha zake kumi na mbili na nambari ya simu ya Dar es Salaam. Shati lilikuwa na miadi Coon Rapids.

Gasto alikuwa ameketi katika kiti cha nyuma cha Ford Transit, sasa ikiwa nje ya hoteli, na Wambui akimtazama katika kioo kama mtu anayetazama mende. Wambura alimpa daftari jipya na kalamu.

"Tutapika kura," alisema. "Mara mia mbili. Nitahesabu."

Gasto aliinama, akaanza. Wambura alitoa daftari la pili. Hilo hakumpa mtu. Aliandika jina lake mwenyewe juu ya jalada, akalitia mfukoni. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na yeye pia alikuwa na mistari mia mbili.

Aliikabidhi Glock. Wambui alichomoa magazini, akahesabu kwa kidole gumba.

"Fifteen. Kweli wewe ni mtu wa boarding."

Simu ilitetemeka. Namba ya Coon Rapids.

"Naftali. Nimeona ku télévision." Nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yakichemka sufuriani. Alivuta pumzi. "Ule mutu. Ulimupika?"

Miaka ishirini Wambura alikuwa amelisahihisha neno hilo: darasani, bwenini, kantini za jeshi, ripoti za siri. Aliitazama theluji iliyoifunika barabara yote ya kuelekea kaskazini.

"Nimempika, dada."

"Muzuri?"

"Ameiva."

Aliliweka shati ndani ya koti, upande wa moyo, akafunga vifungo mpaka cha juu kama inavyotakiwa, akaondoka bila kuharakisha.